Conrad Gessner, tabibu aliyewauliza wavuvi na wawindaji

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliotoka Muheza na Korogwe, walimu wenzangu, na ninyi vijana wa utabibu mliojaza safu za mbele: itifaki imezingatiwa. Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kwa kuniachia nichague mwenyewe mtu wa kumzungumzia jioni hii.

Nimemchagua Mswisi wa Zürich aliyefariki mwaka 1565. Nimesikia mguno huko nyuma, na nauelewa. Mtu wa miaka 460 iliyopita, wa nchi ya barafu, anatuhusu nini sisi watu wa Tanga?

Nianze na sababu iliyo karibu. Yale maua madogo ya zambarau, yenye majani ya manyoya laini, yanayoota kwenye miamba yenye kivuli huku Usambara ya Mashariki, mnayajua. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyachukua na kuyapeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akayapa jina la kitaalamu, Saintpaulia, na leo yako kwenye madirisha ya nyumba dunia nzima. Sasa, fungueni kitabu chochote cha botania mtafute ukoo wa ua hilo. Mtakuta limewekwa katika Gesneriaceae, ukoo unaobeba jina la Conrad Gessner. Yeye mwenyewe hakuwahi kuliona. Jina hilo ni heshima aliyopewa na wataalamu waliomfuata, kwanza Charles Plumier, mtawa wa Kifaransa, aliyeliita Gesneria kundi la mimea ya visiwa vya Karibi. Kwa hiyo kila anayeliandika ua letu kwenye orodha ya kitaalamu anamtaja tabibu huyu, ajue asijue.

Lakini sikuja kwa ajili ya jina. Nimekuja kwa sababu ya namna mtu huyu alivyokuwa akiuliza. Katika maisha yangu ya kufundisha biolojia sijakutana na mfano mzuri kuliko wake wa mtu msomi anayejua kumsikiliza asiyesoma, na kisha kuandika waziwazi ni nani aliyemwambia.

Alizaliwa Zürich tarehe 26 Machi 1516. Baba yake, Urs, alikuwa fundi wa ngozi na manyoya, maskini, mwenye watoto wengi. Mtoto Conrad akapelekwa kulelewa na ndugu wa ukoo, mzee aliyekuwa padri na mpenda dawa za mitishamba. Ndiko alikoanzia. Kabla ya Kilatini kukaa sawasawa kichwani, alishajua kutofautisha majani kwa kuyashika na kuyanusa. Wanafunzi, zingatieni hilo: botania yake ilianzia bustanini kwa mzee.

Alipokuwa na miaka 15, baba yake aliuawa katika vita vya Kappel, Oktoba 1531, vita vya Wakatoliki na Waprotestanti wa Uswisi. Zwingli, kiongozi wa matengenezo ya kanisa pale Zürich, aliuawa humohumo. Kijana alibaki bila baba na bila senti, na aliyemwokoa ni ualimu: walimu wake waliona kipaji wakamtafutia posho, akaenda kusoma Strasbourg, Bourges na Paris. Akiwa na miaka 19 akarudi nyumbani na kuoa msichana asiye na mali, Barbara Singysen. Wakubwa wa mji walikasirika. Waliona kijana waliyemsomesha amejiharibia. Akapewa kufundisha watoto wa madarasa ya chini kwa mshahara ambao haukutosha chakula.

Hapa nisimame kidogo. Waandishi wengi wa zamani waliomsimulia Gessner waliitaja ndoa hii kama kosa la ujana. Mimi naona wamemwonea mama yule. Alikaa na mume huyu tangu siku za njaa hadi kifo, katika nyumba iliyojaa karatasi, mimea mikavu na wanyama waliopasuliwa, na kumbukumbu hazikutuachia karibu lolote alilolisema yeye mwenyewe. Kazi ile kubwa ilifanyikia nyumbani kwake.

Miaka ya masomo nitaipita haraka. Alianza tiba Basel, akafundisha Kigiriki Lausanne kwa miaka mitatu, akapita Montpellier, na mwaka 1541 akapata shahada ya udaktari Basel. Akarudi Zürich kutibu na kufundisha, na mwaka 1554 akawa tabibu wa mji. Mshahara ulikuwa mdogo siku zote. Mwaka 1558 alimwandikia mkuu wa kanisa la Zürich, Heinrich Bullinger, akieleza jinsi alivyochoka kuandika vitabu ili ale, na ndipo akapatiwa nafasi yenye nafuu. Kwa hiyo mnapovisoma vitabu vyake, kumbukeni viliandikwa usiku, na mtu mwenye macho yasiyoona mbali, ambaye asubuhi alikuwa na wagonjwa mlangoni.

Mwaka 1545, akiwa na miaka 29, alitoa orodha ya waandishi wote walioandika kwa Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, kadiri alivyoweza kuwapata: waandishi wapatao 3,000 na vitabu zaidi ya 10,000. Kilichomsukuma ni majonzi. Maktaba maarufu ya wafalme wa Hungaria kule Buda ilikuwa imeporwa na kutawanyika vitani, na yeye aliona kitabu kikipotea bila hata jina lake kuandikwa mahali, hakuna atakayejua cha kutafuta. Wenzetu wa maktaba walioko hapa wanamhesabu miongoni mwa waasisi wa fani yao, na wana haki.

Sasa tuje kwenye wanyama. Kazi yake kubwa, Historia animalium, ilitoka kwa mchapaji Christoph Froschauer wa Zürich katika majuzuu manne kati ya 1551 na 1558: wanyama wa miguu minne wanaozaa, wa miguu minne wanaotaga, ndege, kisha samaki na viumbe wa majini. Juzuu la nyoka lilitoka mwaka 1587, yeye akiwa ameshafariki. Jumla ni kurasa zipatazo 4,500.

Kila mnyama amepangwa kwa herufi nane, A hadi H. Kwenye A ni majina yake katika lugha nyingi iwezekanavyo. Kwenye B ni anakoishi na umbile lake. C, maisha na maradhi yake. D, tabia na akili yake. E, faida zake kwa mwanadamu mbali na chakula na dawa. F, nyama yake. G, dawa inayotokana naye. Na H ni yote yaliyosemwa juu yake na washairi, wanafasihi na wenye methali. Daktari angeweza kwenda moja kwa moja kwenye G akafunga kitabu. Mpishi angekwenda F.

Sitawaficha kasoro zake. Ndani ya juzuu aliwapanga wanyama wengi kwa alfabeti, hivyo jamaa wa karibu wanatengana kurasa mia kadhaa. Na aliwaheshimu mno wazee wa Kigiriki na Kirumi, akanakili kila walichosema hata pale penye shaka. Kifaru wake ni mfano. Alichapisha ule mchoro mashuhuri wa Albrecht Dürer wa mwaka 1515, uliochongwa kwenye ubao na mtu ambaye hakumwona mnyama mwenyewe, bali alipata habari za kifaru mmoja wa India aliyefikishwa Lisbon. Una magamba ya chuma kama askari, na kijipembe cha ziada mabegani. Vifaru wetu wa Afrika, wenye pembe mbili puani, hawamo katika picha ile.

Lakini mahali alipoweza kumshika kiumbe kwa mikono yake, au kumpata aliyemshika, mambo hubadilika. Nitatoa mifano miwili, na ninaomba mniruhusu niikalie.

Wa kwanza ni ndege. Katika juzuu la mwaka 1555 anaeleza ndege mweusi mwenye mng'ao wa kijani, mkubwa kiasi cha kuku, mdomo mrefu uliopinda, kishungi kinachoangukia nyuma ya kichwa. Kwa Kijerumani alimwita Waldrapp. Hujenga kiota kwenye majabali na kwenye kuta ndefu za ngome zilizobomoka. Anaeleza jinsi mtu alivyoshushwa kwa kamba kwenda kuchukua makinda, ambayo nyama yake ilisifiwa sana mezani. Kisha anaongeza jambo ambalo msomi wa chumbani asingelijua: wachukuaji walikuwa wakiacha kinda mmoja katika kila kiota, ili mwaka ujao ndege warudi palepale. Anasema pia amesikia kwamba wakizeeka huota upara. Na hakuishia kusikia. Alimpasua tumbo, akakuta wadudu, wakiwamo wale wanaotafuna mizizi ya mazao, akayaandika hayo.

Baada ya kifo cha Gessner ndege huyo alitoweka katika milima ya Alps. Aliwindwa hadi akaisha, katika nusu ya kwanza ya karne ya 17. Vizazi vikapita, na wataalamu wa baadaye, waliposoma ukurasa ule bila kumwona ndege wa namna hiyo popote Ulaya, wakaamua kwamba Gessner alitunga au alidanganywa. Tabibu wa watu akawekwa kundi moja na wasimulizi wa mazimwi. Ilichukua hadi mwishoni mwa karne ya 19 ndipo ikathibitika kwamba ndege wa jamii ya kwarara anayeishi Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, mwenye kichwa cha upara anapokomaa, ndiye yuleyule. Gessner alikuwa sahihi, na sahihi pia alikuwa yule mtu wa kijijini aliyemwambia habari za upara. Makinda wake wana manyoya kichwani, wakubwa hawana. Leo ndege hao wanarudishwa Ulaya ya Kati, na watu wamewafundisha vijana wake njia ya kuhamia Italia kwa kuwatangulia angani kwa vindege vyepesi. Ningetoa mengi kumwona Gessner akielezwa hilo.

Mfano wa pili ni wa baharini, na wavuvi wa Kigombe na Pangani waliopo watanisaidia. Katika masoko ya Ulaya wakati ule kulikuwa na biashara ya majoka makavu. Mtu anakuonyesha kiumbe mwenye mabawa, mkia mrefu na uso kama wa binadamu, anakwambia ni joka, anakutoza fedha. Katika juzuu la samaki, Gessner alitoa picha ya kitu kama hicho na kueleza kinavyotengenezwa. Ni taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu. Wauza dawa na watu wengine humkausha taa, wakamkunja na kumkata wakati nyama bado laini, wakamvuta umbo wanalolitaka. Mgeuzeni taa mumtazame upande wa chini: mdomo ule na matundu yale mawili ya pua juu yake hutoa sura ya mtu. Wavuvi wetu hawawezi kudanganyika hata dakika moja. Msomi wa mjini, ambaye hajawahi kumwona taa mbichi, ndiye anayelipa.

Vivyo hivyo alitoa picha ya nyoka wa vichwa saba aliyesemekana kuletwa Venice mwaka 1530, mali ya thamani kubwa. Aliichapisha, kisha akaeleza shaka yake: nyuso zile, masikio yale na ndimi zile haviendani na maumbile ya nyoka. Huo ndio utaratibu wake. Habari huiweka, mleta habari humtaja, na maoni yake huyaandika pembeni. Msomaji anabaki na uwezo wa kuhukumu mwenyewe.

Na hao waleta habari walikuwa wengi. John Caius, tabibu wa Uingereza, alimtumia maelezo ya mbwa wa kwao. Guillaume Rondelet wa Montpellier alikuwa bingwa wa samaki. Mchoraji Lucas Schan wa Strasbourg alimchorea ndege. Mwanzoni mwa kitabu Gessner aliorodhesha majina ya waliomsaidia. Lakini chini ya hao wenye majina makubwa kuna wawindaji, wavuvi na wachungaji, watu aliowauliza mnamwitaje huyu, anakula nini, mnamkamataje. Bila wao ile herufi A ingekuwa fupi, na C ingekuwa porojo za vitabuni.

Ninyi mtakaokuwa matabibu vituoni, nasema nanyi sasa. Mtapelekwa mahali ambapo bibi mmoja anajua mimea mia moja na hajui kusoma. Baadhi ya anayoyajua ni kweli, baadhi yana madhara, na hamtayatenganisha kwa kumcheka. Gessner angekaa naye kwenye mkeka, angeandika jina la mmea kama linavyotamkwa pale, angechora, angeuliza unachumwa lini, na angeandika jina la bibi. Mara ngapi maarifa ya waganga wa milima hii yameingia kwenye maandishi yakiwa hayana mwenyewe? Jina la mkusanyaji lipo, la mji yalikohifadhiwa lipo, la aliyeonyesha njia hakuna. Hilo linaniumiza, nami nalisema nikiwa nimekasirika.

Kuna jambo lake moja ambalo siwaombi mliige. Alikuwa akijijaribia dawa mwenyewe. Tabibu mwenzake maarufu wa Italia, Mattioli, aliandika kwamba mmea uitwao Doronicum ni sumu, kwa kuwa ulimuua mbwa. Gessner alidhani si hivyo kwa binadamu. Akala mzizi wake. Tumbo likajaa, mwili ukalegea, akaumwa siku mbili, akajitibu kwa kuoga maji ya moto, kisha akaandika yote hayo kwa utulivu. Alikuwa na ujasiri, na alikuwa na bahati. Leo tuna taratibu za majaribio zinazomlinda mgonjwa na tabibu pia, na taratibu hizo zilipatikana kwa gharama.

Milima aliipenda mapenzi ya kweli. Mwaka 1541 alimwandikia rafiki yake kwamba amenuia, maadamu Mungu anampa uhai, kupanda mlima walau mmoja kila mwaka mimea inapochanua, kwa ajili ya kujifunza na kwa ajili ya afya ya mwili na furaha ya roho. Agosti 1555 alipanda Pilatus, karibu na Luzern. Watu waliamini kwamba mwili wa Pontio Pilato umo katika ziwa dogo la huko juu, na kwamba ukimchokoza, dhoruba huteremka na kuharibu mashamba, kiasi kwamba ilibidi kuomba ruhusa ya wakuu wa mji kwenda. Gessner aliomba ruhusa, akaenda na marafiki, akalala kwenye nyasi kavu za wachungaji, akanywa maji ya chemchemi, akapuliza pembe lao refu, na akaandika kwamba hadithi ile haina msingi. Hakuwatukana walioiamini.

Mwaka 1559 pale Augsburg aliona tulipu nyekundu katika bustani ya tajiri mmoja, na picha aliyoitoa mwaka 1561 ndiyo ya kwanza ya ua hilo kuchapishwa Ulaya. Katika kitabu chake cha mawe na visukuku cha mwaka 1565 mna mchoro wa kifaa alichokuwa akiandikia: kijiti chenye madini meusi yaliyochongwa ncha na kushikizwa ndani ya mti. Ni penseli, na picha ya kale zaidi ya penseli tunayoijua iliyochapishwa ni hiyo.

Kanisa Katoliki, kwa kuwa alikuwa Mprotestanti, lilimweka mwaka 1559 kwenye orodha ya waandishi waliopigwa marufuku. Wasomi Wakatoliki walizidi kumtumia mbegu na barua, naye akawajibu, na sifa zao akaziandika bila kuuliza dini yao.

Tauni iliingia Zürich mwaka 1564. Tabibu wa mji alikuwa na sababu za kukimbia, na waliokuwa na uwezo walikimbia. Yeye alibaki akitibu. Mwaka uliofuata ugonjwa ukarudi, na mwezi Desemba akaona uvimbe mwilini mwake, akajua ni nini. Rafiki yake Josias Simler, aliyeandika maisha yake mwaka 1566, anasimulia kwamba alitumia siku zake za mwisho kupanga karatasi zake na kuzikabidhi, na kwamba aliomba apelekwe kwenye chumba chake cha kusomea. Alifariki tarehe 13 Desemba 1565. Alikuwa na miaka 49.

Karatasi alizozikabidhi kwa mwanafunzi wake, Caspar Wolf, ndizo zinazonigusa kuliko vyote, kwa kuwa zilikuwa kitabu cha mimea alichokuwa akikitayarisha miaka yote hiyo, na hakikuchapwa. Michoro kama 1,500, mingi ya mkono wake. Wolf hakukiweza, akaiuza. Ikapita kwa watu, sehemu yake ikachapishwa Nürnberg katika karne ya 18, kisha michoro yenyewe ikasahaulika, hadi ilipogunduliwa tena mwaka 1929 katika maktaba ya chuo kikuu cha Erlangen, Ujerumani. Ukitazama karatasi moja unaona mmea mzima katikati, na pembezoni ua lililokatwa, tunda lililopasuliwa, mbegu iliyokuzwa, na maandishi madogo ya kila mahali: mbegu hii nimetumiwa na fulani, hii nimeipanda, hili ua nimelichora siku ile likiwa bichi. Katika barua zake alisisitiza kwamba undugu wa mimea hutafutwa kwenye ua, tunda na mbegu kuliko kwenye majani. Karibu miaka 200 kabla ya Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa kupanga na kuita mimea kwa majina ya kitaalamu, alikuwa ameshashika njia hiyo.

Nimeleta nakala za karatasi tatu za michoro hiyo, ziko mezani pale kushoto. Wanafunzi mkizitazama, angalieni jinsi alivyochora mbegu, kwa sababu Jumamosi tukienda Amani, kule milimani Usambara, kila mmoja wenu atachora yake, na chini ya mchoro ataandika jina la mtu wa kijijini aliyetuonyesha mmea huo. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali, na ningependa wazee waanze.